Gari Dogo la Kosmasi na Mkanda wa Crispus

Wasikilizaji wapendwa, aliye na sufuria motoni apunguze mkaa, aliye shambani akae kivulini kidogo. Leo tunamkumbuka Kosmasi Thembo wa Bwera. Narudia, kwa aliyechelewa kufungua redio: Kosmasi Thembo wa Bwera, mtengenezaji wa magari madogo ya mashindano. Alizaliwa Mahango, kule mlimani, mwaka 1971. Alifariki Bwera mwezi Machi mwaka huu wa 2018. Ameacha mjane, mama Rusi, fundi cherehani.

Kwa kawaida kipindi hiki ni cha kusifu. Kila marehemu tuliyemkumbuka hapa alikuwa mpole, mkarimu na mpenda watu, na najua mmeshanicheka kwa hilo. Leo sitasifu tu. Familia imeniruhusu kusimulia yote, na imenipa sharti moja. Sharti hilo nitalitimiza mwishoni, kwa hiyo msizime redio.

Nikisema magari madogo, wengine mnawaza yale ya waya tuliyoyasukuma utotoni. Hapana. Gari la Kosmasi lilikuwa gari kamili lililopunguzwa mara kumi. Sentimita kumi kwenye gari la kweli, sentimita moja mezani kwake. Bodi aliikata kwenye makopo ya maziwa ya unga. Vioo vilikuwa filamu za eksirei zilizosuguliwa mpaka zikang'aa. Matairi aliyachonga kwenye soli za ndala, kisha akayakata meno kwa wembe, jino moja moja. Mlango ulifunguka. Boneti ilifunguka. Usukani ulizungusha magurudumu.

Ndani ya gari la mashindano, wasikilizaji, kuna fremu ya mabomba ya chuma. Kazi yake ni kuzuia paa lisiwaangukie watu gari likipinduka. Fremu hiyo Kosmasi aliitengeneza kwa vijiti vya mwavuli. Martine, mama wa Butembo, upande wa Kongo, anayeuza vitu sokoni pale mpakani, anakumbuka hivi: "Batu bote banakuyaka kununua mwavuli ya mupya. Ye njo anauliza, 'Martine, hauna mwavuli yenye ilikufa?' Mi nikasema huyu baba, bibi yake iko anamulisha nini?"

Mikanda ya viti ilitokana na utepe wa Rusi, na kifungo cha mkanda kilikuwa ndoano ya sidiria. Inafunga na kufunguka kama ya kweli. Rusi alicheka aliponieleza, mara ya kwanza kumwona akicheka tangu msiba. "Sidiria yangu yote ilibaki bila ndoano," alisema. "Nikienda kanisani nafunga na pini. Namwambia, Kosmasi, siku moja hizi gari zako zitaniaibisha mbele ya padri."

Sasa sikilizeni vizuri jinsi alivyofanya kazi, maana kila kitu kimetokea hapo. Kosmasi hakufuata picha. Alilifuata gari lenyewe, popote lilipo, akiwa na uzi wa mwashi wenye mafundo, na daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Alipima kila kitu. Alipima palipobonyea. Alipima mkwaruzo. Kama taa ya nyuma ilikuwa na ufa, taa yake nayo ilipata ufa. Watu walimtania: "Kosmasi, hata kinyesi cha kuku juu ya boneti unapima?" Naye alijibu jibu lile lile miaka yote: "Mi sitengenezi gari ya muzuri. Natengenezaka hii gari."

Watu walimpenda kwa hilo. Mwenye gari alipopewa gari lake dogo, kitu cha kwanza alikuwa anatafuta mkwaruzo wake. Akiuona, anapiga kelele kama amekutana na ndugu.

Na Kosmasi alikuwa na ndugu. Mdogo wake wa kumfuata alikuwa Crispus Mbusa. Wakonzo mkisikia Thembo na Mbusa mnajua mara moja nani alimtangulia nani, maana majina hayo hufuata zamu ya kuzaliwa. Crispus aliuza vipuri Kasese mjini, na siku za mashindano alikuwa navigeta, yule anayekaa kushoto kwa dereva akimsomea kona kabla hazijafika. Dereva wake alikuwa Bwana Ezironi, mnunuzi wa kahawa. Gari lilikuwa la Ezironi. Kiti cha kushoto kilikuwa cha Crispus.

Mwezi Juni mwaka 2014, Ezironi aliagiza gari lake dogo ili aliweke juu ya meza ya duka. Kosmasi akapanda kutoka Bwera hadi Kasese na uzi wake. Crispus akaketi kwenye kiti chake, akamshikia kaka yake ncha ya pili ya uzi. Walishinda hapo tangu asubuhi hadi jua la alasiri, wakibishana na kucheka.

"Yaya, pima vizuri," Crispus alimwambia. Yaya, ndivyo alivyomwita kaka yake. "Usije kunipatia kiti ya mutoto."

"Kaa kimya, ncha inacheza," Kosmasi akajibu.

Kosmasi alipofika kwenye fremu ya mabomba, nyuma ya kiti cha Crispus, kidole chake kilikutana na kitu. Mguu wa fremu, upande wa kushoto, ulikuwa na uvimbe mwembamba chini ya rangi. Bomba lilikuwa limekatika zamani, likaungwa na kipande kingine, kisha rangi ikapakwa juu. Macho hayaoni. Kidole kinaona. Kosmasi alipima kutoka sakafuni hadi kwenye uvimbe. Akaandika kwenye daftari. Hilo daftari ninalo hapa studioni, mbele yangu, na ninasoma mwandiko wake: "Mguu wa kushoto, nyuma: umeungwa. Sentimita kumi na nne toka chini. Rangi imefunika."

Akafunga daftari, akaenda kula na mdogo wake.

Mnauliza kwa nini hakusema. Rusi naye aliuliza, miaka baadaye. Ukweli ni kwamba haikumjia kuwa ni jambo la kusema. Kwake ule haukuwa ubovu, ulikuwa alama ya gari, kama mkwaruzo, kama ufa wa taa. Alirudi Bwera amefurahi kupita kiasi. Alikata kijiti cha mwavuli, akapasha moto chuma chake cha kulehemu kwenye sigiri, akakiunga, akafanya uvimbe mdogo kuliko punje ya mchele. Alimwita Rusi aache cherehani aje aone. Rusi, kwa macho ya fundi nguo, akauliza swali moja: "Hii kiraka haitafumuka?"

"Yangu haifumukake," Kosmasi akasema, na akaupaka rangi.

Wasikilizaji wapendwa, Jumapili ya mwisho ya Agosti 2014 magari yalishindana kwenye barabara za vumbi za Mubuku, kati ya mashamba ya mpunga. Phionah, mke wa Crispus, ana kishamba chake cha kukodi hukohuko. Siku hiyo hakulima. Alisimama kando ya barabara na wanawake wenzake, ampungie mumewe mkono. Gari lilipita, akapunga. Kona ya pili kutoka hapo gari lilipinduka, likaangukia kwenye mfereji wa maji kwa ubavu wa kushoto. Ezironi alitoka amevunjika mkono. Crispus hakutoka. Upande wake paa lilikuwa limeshuka.

Phionah alikimbia. Watu walimzuia asifike. Alimwona mumewe siku ya pili, ameshaoshwa na kuvikwa suti.

Aliyemwosha ni Kosmasi. Aliomba amwoshe peke yake, na wazee wakamwachia, maana ni kaka. Na Kosmasi, alivyozoea, aliona kila kitu. Juu ya mabega ya mdogo wake kulikuwa na alama mbili, nyekundu kuelekea nyeusi, zinashuka kifuani kama kamba za mkoba. Ilikuwa alama ya mkanda wa mashindano, ule unaopita mabega yote mawili. Crispus alikuwa amefunga mkanda, na mkanda ulimshika. Kosmasi aliweka vidole kupima upana. Daftari linasema: "Alama ya mkanda. Vidole vitatu. Bega zote mbili."

Siku hiyohiyo, mchana, mtu wa Ezironi alileta karatasi hapa studioni. Ilikuwa tangazo la kifo. Lilisema gari lilipinduka, na kwamba marehemu alifariki kwa sababu alikuwa amefungua mkanda wake. Tangazo hilo lilisomwa mara tatu: saa saba mchana, jioni, na asubuhi iliyofuata.

Aliyelisoma ni mimi.

Sikuuliza mtu. Sikupiga simu Mahango wala Bwera. Na kwa kuwa mtangazaji hakosi la kuongeza, niliongeza la kwangu ambalo halikuwa kwenye karatasi. Nilisema: "Vijana, jifunzeni kwa Crispus." Mara zote tatu.

Mahango walisikia. Waliokuja mazishini walikuja tayari wanajua. Wiki hiyohiyo mabaki ya gari yalikatwa vipandevipande na kuuzwa kama chuma chakavu. Kikabaki kitu kimoja tu duniani chenye kuonyesha mguu ule ulivyokuwa, nacho kilikuwa ndani ya boksi la mabuti, juu ya kabati, Bwera.

Kosmasi alikuwa mazishini. Alisikia mzungumzaji mmoja baada ya mwingine wakisema kijana alijitakia. Alikuwa na jibu kifuani, na alikaa nalo. Maana hesabu yake ilikuwa hii, na alimweleza Rusi mwenyewe: akisema mkanda ulifungwa, watu watauliza, basi paa lilishukaje? Wakiuliza hivyo, watafika kwenye mguu ulioungwa. Na wakifika hapo, watamkuta yeye amesimama na daftari lake, ameandika mwezi Juni. Aliona ni afadhali mdogo wake aitwe mzembe. Ninasema wazi, wasikilizaji: alijificha nyuma ya maiti ya ndugu yake. Alijua hivyo, na kujua huko kulimla polepole.

Hakutengeneza gari tena. Ezironi alituma mtu mara mbili kulichukua gari lake dogo. Kosmasi alisema halijakwisha. Wateja wengine aliwaambia macho yameharibika. Vijiti vya mwavuli vilikaa kwenye ndoo mpaka vikaota kutu.

Lakini kila msimu wa mpunga alipanda hadi Mubuku. Alimlimia Phionah, akampandia, akambebea magunia. Alimletea mtoto viatu. Phionah aliniambia: "Nilikuwa nasema, Mungu alichukua bwana yangu lakini aliniachia shemeji. Watu wa Mahango walinikalia mbali. Yeye hapana. Nilimupikia, nilimuombea kila siku kwa jina."

Mtoto wa Phionah na Crispus anaitwa Mbambu. Babake alipokufa alikuwa na miaka minne. Mwaka jana, akiwa na saba, mwalimu alifundisha darasa usalama barabarani. Akatafuta mfano ambao watoto wote wanaujua. Akamsimamisha Mbambu. Akasema: baba yake huyu hakufunga mkanda. Mbambu alirudi nyumbani, akamwuliza mama yake kama baba hakutaka kurudi kwao.

Phionah alimsimulia shemeji yake jambo hilo huku wanapepeta mpunga. Kosmasi aliweka ungo chini. Alisema tumbo linamuuma, akaondoka bila kuaga. Phionah alidhani ni tumbo kweli. Na kweli lilikuwa tumbo, maana ini lake lilikuwa limeshaharibika na maji yalianza kujaa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kosmasi alificha mawili.

Mwezi Februari mwaka huu, siku ya Jumapili baada ya misa, alimwita Phionah Bwera. Phionah alikuja na kuku na mkungu wa ndizi, kama unavyokwenda kumwona mgonjwa. Kosmasi alikuwa ameketishwa kwenye mkeka, miguu imevimba. Alimwambia Rusi ateremshe boksi.

Rusi ndiye shahidi wa maneno haya, na Phionah ameyathibitisha. Kosmasi alifungua gari dogo, akalivua paa. Akachukua sindano ya cherehani, akaonyesha uvimbe ule.

"Shemeji, angalia hapa. Hii mguu ilikuwa imekatika. Ile siku ilikatika tena. Paa ikamushukia."

Phionah aliangalia, akauliza: "Uliijua mbele?"

"Niliiona mbele. Kuijua, niliijua nyuma."

"Na mukanda?"

Kosmasi alifungua daftari, ukurasa wa Agosti, akamgeuzia. Phionah akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: alama ya mkanda, vidole vitatu, bega zote mbili.

"Hii uliandika siku gani?"

"Siku nilimuosha."

"Miaka tatu na nusu, shemeji." Rusi anasema hakupaza sauti hata kidogo. "Nilikuwa nakupikia. Mutoto yangu wanamusimamisha mbele ya batu, na wewe unanibebea muchele."

"Ndiyo."

"Unanibebea muchele."

"Ndiyo, shemeji. Na ujue neno moja ingine. Hii gari nilifanya yote sawasawa, lakini kitu moja ni ya uongo. Hapa kwenye mguu. Ya Ezironi ilikuwa zaifu. Yangu ni nguvu. Sikujua kuunga vibaya."

Phionah alisimama. Kuku alimwacha hapohapo, amefungwa miguu, na ndizi. Daftari aliondoka nalo. Hakuaga mtu.

Siku zilizobaki Kosmasi alitaka kufanya kazi moja ya mwisho. Katika magari yake yote mikanda hulala wazi kwenye kiti, ili watu wauone ufundi. Alitaka kuufunga mkanda wa kiti cha kushoto. Ni ndoano mbili za sidiria, kila moja ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Mikono ilikuwa imevimba. Rusi aliomba kumsaidia, akakataa kwa ukali. Ilimchukua siku mbili. Ndoano ya kwanza iliingia Jumatatu, ya pili Jumanne. Ijumaa alifariki.

Tulimtafuta Bwana Ezironi kwa ajili ya kipindi hiki. Alisema gari alilinunua likiwa hivyo, na fundi aliyeunga bomba hamjui. Kuhusu mkanda alisema maneno haya tu: "Watu waliniuliza, nikajibu." Simu ikakatika.

Mazishi yalikuwa Mahango. Phionah alikuja akakaa nyuma kabisa. Muda wa maneno ulipofika, aliinuka. Alisema: "Sijamusamehe. Lakini nimekuja." Akaketi. Rusi alitembea kutoka mbele, akapita katikati ya waombolezaji, akamwekea lile boksi mapajani. Kisha akakaa kando yake mpaka udongo ulipokwisha.

Wiki iliyofuata Phionah alikuja hapa studioni, daftari mkononi. Askari wa getini alitaka kumrudisha. Nikatoka kuona nani anabishana.

"Ni wewe ulisoma?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia niliandikiwa, mimi nasoma tu. Nilikuwa na jibu lile la Ezironi mdomoni. Nikasema: "Ni mimi, mama."

"Basi soma tena."

Hilo ndilo sharti la familia.

Kwako mama Rusi, uliyeishi na boksi lile juu ya kabati, pole sana. Kwako Phionah, pole, na ninakuomba radhi mbele ya wote wanaonisikia, nikijua maji yaliyomwagika hayazoleki. Kwa ukoo wote wa Mahango, poleni kwa ndugu wawili. Mungu awapokee, Thembo na Mbusa. Na sisi tuliobaki, tujiulize kila mmoja nyumbani kwake: ni kitu gani kidole changu kimekigusa, nikakiandika moyoni, nikaenda kula? Mimi nimejiuliza. Breki za gari langu zilikuwa zinalia, na jana nikazipeleka kwa fundi.

Phionah anasema wageni wakifika kwake, Mbambu ndiye anayeleta boksi. Anavua paa mwenyewe, kwa uangalifu, na kuwaonyesha kiti cha kushoto. Anangoja waone.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tangazo. Lile la kwanza lilisomwa mara tatu, na hili litasomwa mara tatu. Mwalimu wa Mbambu, kama unasikiliza, ongeza sauti.

Crispus Mbusa wa Mahango, aliyefariki Mubuku mwezi Agosti 2014, alikuwa amefunga mkanda wake.

Narudia. Crispus Mbusa wa Mahango alikuwa amefunga mkanda wake.

Narudia kwa mara ya mwisho, na leo sina la kuongeza. Crispus Mbusa, baba yake Mbambu, alikuwa amefunga mkanda.